Mzee wa rejeta, Ipogolo: nyota nne, ya tano imebaki chini ya kiti cha dereva

Gereji yenyewe haina kibao. Ukitokea Dar, ukishafika Ipogolo kabla hujaanza kupanda kuingia Iringa mjini, ulizia "kwa mzee wa rejeta", bodaboda watakuelekeza. Ni mabati tu na mti wa mparachichi, na rejeta zimeegemezwa ukutani kuanzia ya Vitz mpaka ya Scania.

Mimi ni mpambaji wa harusi. Gari langu ni Noah ya zamani, ile SR40 yenye injini ya 3S chini ya viti vya mbele. Wanaoijua watanielewa: ikichemsha, dereva anapata taarifa kwa mapaja kabla hata hajaangalia mshale wa joto.

Mwezi wa tatu nilikuwa natoka Kariakoo na marobota ya satini, maua ya plastiki na stendi za chuma. Mikumi salama, Ruaha Mbuyuni salama, nikanunua na vitunguu. Kwenye mlima wa Kitonga, nikiwa nyuma ya tenki la mafuta linalojikongoja kwa gia namba moja, mshale ukapanda mpaka juu kabisa. Nikaegesha, nikanyanyua kiti, nikachukua kitambaa nifungue mfuniko wa rejeta. Utingo wa lori lililokuwa limekufa hapo mbele akaja mbio: "Mama, acha! Unataka kuungua uso?" Sikumjua na sikumwona tena, lakini uso ninao mpaka leo.

Gereji ya kwanza niliyokwenda siitaji. Waliniambia pampu ya maji. Kwenye 3S pampu inazungushwa na taimingi belti, mkanda uliofunikwa ubavuni mwa injini, kwa hiyo kuibadilisha ni kufumua, na ufumuaji una bei yake: 280,000 jumla. Wiki mbili baadaye gari likachemsha tena. Safari hii wakang'oa themostati, vali inayofungua njia ya maji ya rejeta injini ikishapata moto, wakanikabidhi mkononi kama jino. "Hiki ni kidude cha nchi za baridi, mama, huku kwetu hakina kazi." Huku kwetu Iringa, ambako mwezi wa saba navaa sweta.

Basi asubuhi mshale ukawa haufiki hata robo, na mafuta linakunywa kama lori. Nikilipakia viti na kulipandisha mlima, linachemsha vilevile. Niliporudi wakaniambia sasa ni gasketi ya hedi, ile pakiti iliyo chini ya kichwa cha injini, hedi ing'olewe ikakwanguliwe, 650,000. Hapo ndipo nikapanga foleni Ipogolo.

Mzee alinisalimu kwa Kihehe, "Kamwene", akaniuliza swali ambalo tangu mwezi wa tatu hakuna aliyeniuliza: linachemsha likiwa kwenye foleni, au likiwa linapanda? Nikamwambia linapanda, kwenye foleni halina shida. Akasema basi feni tuiache kwanza, maana gari lenye feni mbovu huchemsha likiwa limesimama, lisipopata upepo. Swali la pili: maji yanapungua? Yanapungua, kila safari naongeza. Ya bomba? Ya bomba. Akaguna.

Halafu hakugusa kitu. Injini ilikuwa ya moto, akaniambia nikanywe chai, na kweli tulikaa karibu saa nzima. Kama una haraka, hapa utagombana na watu.

Lilipopoa akafungua mfuniko wa rejeta, akapitisha kidole gumba kwenye mpira wake, akanipa na mimi nipitishe. Mpira ulikuwa umekauka na una ufa unaoingia ukucha. Pembeni ya shingo ya rejeta kulikuwa na michirizi myeupe, maji yaliyokuwa yanatoroka na kukaukia hapo. Akanieleza kwa lugha ya jikoni: mfuniko unabana maji yasichemke hata yakipita nyuzi 100. Usipobana, maji yanachemka mapema, na huku juu mapema zaidi, kwa sababu Iringa iko zaidi ya mita 1,500 na sufuria lisilofunikwa linachemka kwenye kama nyuzi 95. Nimepika maharage Dar na nimepika Iringa, sikuhitaji ushahidi mwingine.

Hedi aliipima kwa kuwasha gari mfuniko ukiwa wazi na kutazama. Hakukuwa na mapovu yanayopanda mfululizo, dalili ya gesi ya injini kupenya kwenye maji. Akachomoa kijiti cha oili, akafungua na kizibo cha juu: oili nyeusi ya kawaida, haikuwa na rangi ya chai ya maziwa, ile ya oili iliyoingia maji. "Hedi yako nzima. Nani alitaka kuing'oa?" Nikanyamaza.

Kuhusu themostati alichora chini kwa spoku ya baiskeli. Ya injini hii ina sahani mbili. Ya juu ikifungua njia ya rejeta, ya chini inaziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini. Ukiing'oa, njia ya mkato inabaki wazi siku zote, na sehemu ya maji inazunguka bila kupita kwenye rejeta. Vitabu vya ufundi vya Toyota wenyewe vimeandika kwamba hata gari likichemsha usiitoe, utapunguza upoaji. Kumbe nililipia kuharibiwa.

Themostati mpya hakuifunga hivihivi. Aliitumbukiza kwenye sufuria la maji juu ya jiko la mkaa, tukainamia wote watatu, mimi, yeye na kijana wake. Imepigwa chapa 82. Maji yakachemka ya kuruka, yenyewe imefumba kama chaza. Kijana akatumwa kuirudisha dukani. Ya pili ilianza kufunguka hata mapovu makubwa hayajatokea, polepole, na nilipiga makofi bila kujua.

Rejeta aliipapasa: juu moto, katikati ubaridi. Imeziba. Ni ya shaba, akafungua tangi la juu, akapitisha waya bapa njia moja baada ya nyingine, ikatoka tope ya kutu nyekundu, kopo zima. Hayo ndiyo maji yangu ya bomba. Akalehemu, akajaza kulanti, dawa ya kupozea injini, nusu kwa nusu na maji ya betri yasiyo na asidi, akaegesha gari pua imeangalia juu, hita imewashwa, akasubiri hewa yote itoke.

Gharama: kusafisha rejeta 60,000, themostati 35,000, mfuniko 15,000, kulanti 30,000, ufundi 40,000. Laki moja na themanini.

Kasoro zipo. Anafungua saa nne, na simu hapokei. Risiti hana. Choo ni cha mgahawa wa jirani, na mwenye mgahawa anataka ununue kitu kwanza. Aliniambia siku mbili, zikawa tatu, na ya tatu ilikuwa Ijumaa nina harusi kesho yake, nikakodi Kirikuu, kale kalori kadogo, kwa hasira.

Tangu hapo nimepanda Kitonga mara mbili, moja nikiwa na viti vya plastiki mpaka kwenye dari, na mshale haukuvuka nusu. Tatizo ni kiti cha dereva. Walipokirudisha baada ya kufunika injini, kufuli lake halikukaa sawa, na kila nikifunga breki linagonga: ko, ko. Jumamosi nampelekea, saa nne kamili, na chai yangu kwenye chupa.