Dripu za amino asidi: asilimia kwenye chupa isikuchanganye

Mi kazi yangu kuchanganya mifuko ya lishe ya mshipani, ile ya wagonjwa ambao utumbo umegoma kabisa, na swali naloulizwa kila siku ni dripu ipi ya amino asidi (vijenzi vya protini) ni kali, ya asilimia 10, ya 15 au ya 20. Jamani hiyo asilimia ni gramu ngapi ziko kwenye mililita 100, basi, haina uhusiano na ubora.

Piga hesabu uone. Mtu mzima wa kilo 70 kwa dozi ya gramu 1.5 kwa kilo anataka gramu 105 za amino asidi kwa siku. Kwa majina ya dripu zenyewe, ukitumia Travasol 10% ni mililita 1050, Clinisol 15% ni 700, Prosol 20% ni 525. Mgonjwa wa moyo aliyejaa maji mpaka ukimbonyeza mguu kidole kinaacha shimo, hapo Prosol nakubali. Kama hana shida ya maji mi namwekea Travasol na silali macho. Ila Prosol isiyochanganywa ina osmolariti (wingi wa chembe zilizoyeyuka) kama miliosmoli 1835 kwa lita, na mshipa wa mkononi tunaishia kama 900, so usiiguse hivihivi.

Kwa watoto njiti ndo nabadilika kabisa, hapo sitaki mchezo, nataka Trophamine, dripu ya watoto (au Premasol, mchanganyiko wake uleule). Ina taurini, na unaiongezea sisteini (amino asidi nyingine) miligramu 40 kwa kila gramu ya protini. Mtoto wa kilo 1.2 kwa gramu 3 kwa kilo anapata mililita 36 za Trophamine 10% na miligramu 144 za sisteini, kidogo hivyo. Sisteini inashusha pH, na pH ikishuka kalsiamu na fosfeti zinayeyuka vizuri zaidi, na njiti anazihitaji nyingi kwa ajili ya mifupa kwenye maji kiduchu.

Nililielewa hilo siku dripu ya watoto ilipoisha stoo nikatumia ya watu wazima, kalsiamu nikaacha kama ilivyoandikwa, kumbe nimekosea. Nanyanyua mfuko kwenye taa naona kama vumbi la chaki linazunguka taratibu chini, kalsiamu na fosfeti zimegandana. Nikamwaga wote, nikaanza upya, huku simu ya wodini inaita tu. Ndo maana dripu ya mafuta ya watoto, ambayo ni nyeupe, siichanganyi humo, mfuko ukiwa mweupe utaona nini? Kero ya sisteini ni kwamba inakuja kivyake, unaiweka siku ileile, na damu ya mtoto inaweza kuwa na asidi nyingi mpaka upunguze chumvi za kloraidi uweke za aseteti, zinazopunguza asidi.

HepatAmine ya wagonjwa wa ini, yenye amino asidi za lusini, isolusini na valini kwa wingi, naitoa kwa nadra, yule aliyechanganyikiwa kwa ajili ya ini na dripu za kawaida zimemshinda. NephrAmine ya figo ndo siielewi kabisa, ni 5.4%, yaani zile gramu 105 zitakula karibu lita 2 kwa mtu ambaye hakojoi! Na kama yuko kwenye dayalisisi amino asidi zinapotea kule kwenye mashine, anahitaji protini zaidi, sio ya kudonyoa. Huyo nampa Prosol.