Ukikwama Kisiwani Ubebe Chakula Gani? Nimepima vya Soko la Kibuye

Habari zenu watazamaji, karibuni tena. Leo meza imejaa na jiko linawaka, kwa hivyo kama una njaa, tafuta kwanza kitu cha kutafuna halafu urudi. Swali ni lile la vijiweni: umekwama kisiwani peke yako, boti hakuna, duka hakuna, simu imezima. Ungetaka uwe na vyakula gani?

Wengi wakisikia kisiwa wanaona minazi na bahari. Mimi ni mtu wa Kisumu, na kisiwa ninachokijua kiko Ziwa Victoria. Basi tuchukue kisiwa cha ukubwa wa Ndere, kilomita mraba 4 na kidogo hivi. Ndere yenyewe ni mbuga ya taifa tangu 1986, kwa hivyo kisiwa chetu kiwe kingine, kisicho na askari wa wanyamapori wa KWS wala swala wa kuniletea kesi. Una sufuria moja, panga, kiberiti, ndoano na kamba. Maji yapo tele na si ya chumvi, ila utachemsha kila tone unalokunywa, na ya kuoga pia utayachemsha, uogee kando kwa sufuria, maana kichocho kinaingilia kwenye ngozi. Vyakula ni vitano tu.

Ninavipima hivi: kikae bila friji, kisile kuni nyingi, ulimi usikichoke, na la nne, ambalo ndilo zito kuliko yote, kikupe kitu ambacho ziwa halikupi. Hilo la nne lishikeni, ndilo litakaloniharibia jina hapa mjini.

Tuanze na omena, wale dagaa wa ziwani, maana ukimuuliza mtu wa Dunga, kule kwa wavuvi wetu, swali hili, hamalizi hata kukusikiliza. Hebu sogeza kamera hapa. Mafungu mawili, yote nimeyatoa Kibuye, kwa akina mama wawili tofauti. Hili la kushoto linang'aa kama bati jipya. Nachukua mmoja, namkunja. Mmesikia? Amekatika. Huyo amekauka. Sasa la kulia: tumbo limegeuka manjano, nikimkunja anapinda tu, hakatiki. Namimina kiganjani, narudisha, tazameni kiganja changu. Mchanga huo. Omena hii ilianikwa chini, haikuanikwa juu ya wavu. Na ukiinusa, harufu ya samaki imekwisha, imebaki ya mafuta yaliyochacha. Omena huvuliwa usiku kwa taa na kuanikwa kukicha. Mvua ikinyesha siku hiyo, matokeo ndiyo haya ya kulia.

Mama aliyeniuzia la kushoto aliniambia, "Mwanangu, usiitie kwenye nailoni. Ikitoa jasho ndani ya nailoni, haikai wiki mbili. Weka kwenye gunia, utundike juu." Nimemwamini, kwa sababu omena yake ndiyo iliyokatika.

Kwa ubora wa chakula, omena sina la kuisema vibaya. Unaila nzima, kichwa na mifupa, na mifupa ile ndiyo kalisiamu. Inaiva haraka, kuni chache. Lakini jameni, nimezungukwa na ziwa! Nina ndoano, na minyoo iko kwenye udongo. Tilapia nitampata, kamongo nikibahatika nitampata. Nibebe samaki niwapeleke kwa samaki? Omena naipa saba kwa kumi, na tutairudia mwishoni, maana moyo unanisuta.

Unga. Hapa tusidanganyane, mtu wa huku bila ugali hajala, amepitisha muda. Swali ni unga gani. Ule wa pakiti, mweupe, umeondolewa kiini cha mahindi, ndiyo maana unakaa miezi kwenye rafu. Unga wa posho, ule wa kusagisha mahindi mazima, una kiini chake na mafuta yake, ugali wake una ladha hasa, lakini mafuta hayohayo yanachacha na unga unaanza kuwa mchungu. Ukisema basi ubebe mahindi yenyewe, kumbuka fukusi, na kumbuka unyevu. Mahindi hayafai kuhifadhiwa kabla unyevu wake haujashuka hadi asilimia 13.5, vinginevyo kuvu huingia na kuleta sumu ya aflatoksini. Mwaka 2004, hasa kule Makueni na Kitui, mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125. Sasa wewe uko kisiwani, ukungu wa ziwa kila asubuhi, ghala ni jiwe. Mimi sibebi mahindi.

Nabeba wimbi, tena punje, zisizosagwa. Tazama udogo wake. Mdudu hapati hata pa kutoboa. Wimbi likikauka vizuri linakaa miaka, na wazee wetu ndilo walilolitegemea mwaka wa njaa. Kalisiamu yake iko juu kuliko nafaka zote unazozijua, kwa hivyo ile hoja ya mifupa ya omena tayari imepungua makali. Kazi ni kusaga. Utatafuta mawe mawili, moja bapa na moja la mkononi, upige magoti usage kama bibi zetu walivyosaga. Nimejaribu hapa nyuma ya nyumba: unga unatoka na chenga, ugali unakuwa mweusi, mzito, una kamchanga ka jiwe. Mgongo ulilalamika. Lakini uji wake asubuhi, wacha tu. Nane kwa kumi.

Njugu karanga sasa. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu watu wanazichukulia kama kitu cha kutafuna kwenye matatu. Kilo moja ya njugu ina kalori kama 5,600. Kilo ya unga wa mahindi ina kama 3,600. Mtu mzima anayefanya kazi ya wastani anahitaji kama 2,000 hadi 2,500 kwa siku. Kwa hivyo kilo ile ya njugu inakusukuma siku mbili hata kama mvua imepiga, kuni zimelowa na samaki wamegoma. Hupiki. Unabandua, unatia mdomoni.

Na kuna sababu nyingine. Tilapia hana mafuta mengi. Ukila nyama isiyo na mafuta peke yake, siku baada ya siku, bila wanga na bila mafuta, utashiba tumbo na bado udhoofike. Mwili haujui kuishi kwa protini tupu. Njugu inaziba pengo hilo. Unazisaga juu ya jiwe lilelile la wimbi, unapika samaki kwa mchuzi wa njugu, na hapo kisiwa kinaanza kuwa na heshima.

Nunua zilizo na maganda. Mwenye kuuza atakuambia zilizobanduliwa ni safi zaidi. Mwambie asante, upite. Ganda ndilo ghala lake. Hii hapa, itikise sikioni: ikilia kokoto, imekauka. Ukiipasua ukakuta punje imesinyaa au ina kuvu, itupe, na ukiuma ikawa chungu, tema. Usimeze kwa aibu. Sumu niliyoitaja kwenye mahindi inazipenda njugu vilevile. Tisa kwa kumi.

Chumvi. Naona mnacheka. "Chumvi ni chakula?" Kwenye meza yangu leo ni chakula, na imepata nafasi nzima. Kulikuwa na baharia Mskoti, Alexander Selkirk, aliyeachwa peke yake kwenye visiwa vya Juan Fernández, upande wa Chile, mwaka 1704. Alikaa huko miaka minne na miezi, mpaka 1709. Nahodha aliyemchukua, Woodes Rogers, aliandika kwamba samaki walikuwepo tele lakini Selkirk hakuweza kuwala, kwa sababu bila chumvi walimharisha. Wale kambamawe tu ndio walimkalia tumboni. Akaishi kwa nyama ya mbuzi. Na huyo alizungukwa na maji ya bahari! Sisi wa ziwa hata tukikausha maji kutwa nzima, chini ya sufuria tutakuta tope. Chumvi pia ndiyo itakayohifadhi samaki wa ziada: unampasua katikati, unampaka, unamwanika juani, na una akiba ya siku ya upepo. Hapo sihitaji tena kubeba samaki mkavu kutoka nyumbani. Tisa na nusu.

Sasa namba moja, na ladha yake wala si ya ajabu. Viazi vitamu. Hivi vimetoka upande wa Kabondo, huko Homa Bay, ambako viazi ni kazi kweli. Nimechukua vya rangi ya chungwa ndani, ambavyo vina vitamini A. Vikishaiva, ona, vinalainika sana, vina maji. Mimi, kama ni kula tu na chai, napenda vile vyeupe vikavu vinavyokukaba koo. Lakini siendi kula tu.

Njugu nikizila zitaisha, na wimbi vivyo hivyo. Kiazi kina marando, yale mashina yake yanayotambaa. Unakata kipande cha rando chenye macho kadhaa, unakichomeka kwenye tuta, na udongo ukiwa na unyevu kinashika. Baada ya miezi mitatu hadi mitano unachimba. Wakati unangoja, majani yake ni mboga. Na mboga hiyo ni dawa, kwa sababu mtu asiyepata vitamini C kwa miezi fizi huanza kutoka damu na vidonda vya zamani hufunguka. Ndicho kiseyeye kilichokuwa kikiwamaliza mabaharia. Kingine: huhitaji ghala. Vikikomaa unaviacha ardhini, unachimba vya leo. Usiviache mno, fukusi wa viazi wapo pia. Kumi kwa kumi, ingawa ladha peke yake ningeipa sita.

Vilivyobaki nitavipitia mbio. Maharagwe: yanakula kuni mpaka utamaliza kisiwa, labda uyaloweke usiku kucha. Mchele wa Ahero naupenda, unanukia, lakini haunipi kitu ambacho wimbi halinipi. Chapati, mlioniandikia chapati, mafuta ya kupikia mtayatoa wapi? Kuku nimemkataa kwa sababu ningempa jina wiki ya kwanza na nisingemchinja tena.

Kwa hivyo nafasi ya tano inagombaniwa na omena na hii hapa, sukari nguru. Kahawia, nzito, inanuka moshi na miwa. Huku kwenye nchi ya miwa inapatikana kila soko, na wanaoinunua kwa magunia usiniulize wanaipeleka wapi. Ukiivunja inatoa vipande vigumu. Usiiache wazi, inavuta unyevu na kuanza kutoa machozi, kisha sisimizi wanakuja na ukoo mzima. Ifunge kwenye majani makavu ya ndizi. Kipande kidogo ndani ya uji wa wimbi, pale alfajiri unapoamka na hakuna wa kusema naye, kina kazi ambayo omena haiwezi. Nimeichagua nguru. Watu wa Dunga, mnisamehe, omena nitaila nikirudi.

Chai haikuingia kwenye tano, hilo nalijua na nalikubali. Majani yake nitayaficha kwenye soksi, na atakayekuja kunipekua atakuta sufuria imeshachemka.