Riviu: Mtambo wa Seabound wa kunasa hewa ukaa melini, kwa safari fupi naupa nyota 4

Wadau wa meli, huu mtambo wa wale vijana wa Seabound wa Uingereza nimeufuatilia muda mrefu na kiukweli naukubali, nyota 4 kwa meli za safari fupi, ila kwa zile zinazokata bahari wiki tatu siwezi kutoa zaidi ya 2.

Kazi yake iko hivi, moshi wa injini kabla haujatoka nje unapitishwa kwenye makontena ya futi 20 yaliyojaa vikokoto vya chokaa ambayo haijazimwa, yaani haijatiwa maji. Mtu wa Lamu au Unguja ataelewa fasta, maana wazee walichoma matumbawe kwenye tanuri, hewa ukaa ikatoka, jiwe likabaki jepesi lina vitundu, na chokaa ikishapakwa ukutani inaivuta ile hewa tena mdogomdogo mpaka inakuwa jiwe. Hivyo vitundu ndo vinavyofanya kazi yote, moshi unazama mpaka ndani ya kikokoto, ila kadiri chokaa inavyogeuka jiwe vitundu vinaziba, kwahiyo kuna chokaa ya katikati inabaki bila kutumika.

Kwenye Sounion Trader, meli ya makontena ya kampuni ya Lomar, majaribio yalinasa kama asilimia 78 ya hewa ukaa na asilimia 90 ya salfa, na hapo ni kwenye moshi uliopitishwa mtamboni tu, sio moshi wote wa meli, watu wanachanganya sana hapa.

Najua wengine mnazisifu zile MOF, fuwele za metali na kaboni zenye vitundu vingi vya kunasa gesi, za mwanakemia Yaghi na wenzake zilizopata Nobel ya kemia 2025, na ni kweli gramu moja ina eneo la maelfu ya mita za mraba ndani yake, lakini ukishanasa inabidi uitoe hewa, uigandamize, uipoze iwe kimiminika na uwe na tangi la kuihifadhia, yote hayo ni umeme na ni kazi kwa mafundi wa chumba cha injini. Hii ya chokaa mkifika bandarini kreni inashusha kontena kama mzigo mwingine, basi.

Ishu ni uzito. Tani moja ya mafuta mazito inatoa kama tani 3.1 za hewa ukaa, kuinasa yote unahitaji karibu tani 4 za chokaa na unaishia na tani 7 za mawe! Meli inayochoma tani 30 kwa siku, safari ya siku 20, piga hesabu mwenyewe uone mzigo wa mteja utakaa wapi.

Alafu chokaa yenyewe inachomwa kwa nyuzi kama 900 na inatoa hewa ileile, kwahiyo tanuri lisiponasa moshi wake tumehamisha tu uchafu kutoka baharini kwenda nchi kavu na hilo sitaki kabisa. Ndo maana nimeipenda sana hatua ya kuufunga mtambo kwenye UBC Cork, meli ya kubeba saruji ya kampuni ya Hartmann, ambapo mawe yanapelekwa kiwanda cha saruji cha Heidelberg Materials kule Brevik, Norwe, ambacho tangu 2025 kinanasa karibu nusu ya hewa ukaa yake chenyewe.

Kwa wenye meli mnaoingia Ulaya, kuanzia 2026 moshi unatozwa kwa asilimia 100 kwa safari za ndani ya Umoja wa Ulaya, kwahiyo fanyeni hesabu mapema. Na mkifunga huu mtambo kagueni raba za milango ya kontena kila safari, chokaa ya namna hii ikiguswa na maji inachemka na kumuunguza mtu, na deki haikosi maji ya bahari.