Nimefanyiwa upasuaji wa bawasiri: kisu sikilaumu, lile dirisha la dawa ndo siwezi kulisamehe

Naandika hii nikiwa bado na hasira mnisamehe ikiwa ndefu. Hospitali siitaji jina, ni ya hapahapa Dar, kubwa tu, bima wanapokea. Nasema mapema kabisa, mpaka juzi mtu akiniuliza nimwelekeze pale kwa ajili ya bawasiri nilikuwa namwambia asiende. Na siyo kwamba nilikatwa vibaya, nilikatwa vizuri sana. Sababu ni chupa moja ya dawa ya kulainisha choo na yule kaka wa dirishani.

Yangu ilianza kwenye mimba ya pili, nikaambiwa nikishajifungua itaisha yenyewe, haikuisha. Mi fundi cherehani, kazi ya kukaa kutwa, miaka ikaenda mpaka kikawa kinyama kinachotoka kila nikienda haja nakirudisha kwa kidole, baadaye hata nikikirudisha hakikai, na damu inachuruzika chooni mpaka unaogopa kuangalia. Wenyewe wanaigawa kwa daraja, la 1 mpaka la 4, ile ya kurudisha kwa kidole ndo la 3, isiyorudi tena ndo la 4, mi nilishafika huko. Hizi habari za mabango kwenye nguzo za umeme kwamba bawasiri inatoka bila kisu mjue zinawala watu hela na huku damu inazidi kumwagika.

Daktari nampa maua yake. Aliniangalia mlango umefungwa, nesi wa kike yuko pembeni, akaniambia damu ya haja kubwa siyo kila mara ni bawasiri kwahiyo kabla ya kunikata lazima apitishe kamera aone utumbo mkubwa hauna kansa wala kitu kingine. Akapima wingi wa damu ikawa iko chini, tukaahirisha, akanipa vidonge vya madini chuma kwanza. Halafu akanichorea kwenye karatasi duara lenye namba za saa ya ukutani, akaweka alama kwenye 3, kwenye 7 na kwenye 11, akasema mara nyingi vinyama vinaota hapo, atakata hizo sehemu na kuacha ngozi nzima katikati yake ili njia isije ikajibana ikipona, na vidonda vinabaki wazi vinajaa vyenyewe taratibu. Nikamuuliza kuhusu ile ya kufunga na vipira, akasema ile inafaa daraja za chini, yako imeshapita huko. Yaani nilitoka mule nimeelewa mwili wangu kuliko miaka yote niliyokaa na huo ugonjwa.

Kujiandaa nako sina la kulalamika. Chakula mwisho masaa 6 kabla, maji matupu masaa 2, hereni nje, rangi ya kucha ifutwe, karatasi ya kukubali unasaini ukiwa na akili zako. Enema asubuhi, yaani kuingiziwa maji kwa nyuma kusafisha utumbo, ilinitia aibu ila sista aliyenifanyia alikuwa ananieleza kila kitu kabla hajanigusa, ananiita mama, kanifunika na shuka langu mwenyewe. Sindano ya ganzi ya mgongo unakaa umejikunja, baada ya muda mfupi miguu inakuwa mizito halafu huisikii tena. Unasikia watu wanaongea, unajihisi unavutwavutwa, maumivu hakuna.

Usiku mkojo ukagoma. Kibofu kimejaa, nasukuma hautoki, na kumbe hiyo hutokea sana baada ya upasuaji wa huku chini na ganzi ya mgongo. Sista wa zamu hakukimbilia kuniwekea mpira, akanishika mkono mpaka chooni, akafungulia bomba maji yakawa yanatiririka, akanimwagia ya uvuguvugu taratibu juu ya kinena, akasimama pale hana haraka mpaka ukatoka. Mungu ambariki yule binti. Ningeishia hapo ningeandika maneno mengine kabisa.

Sasa siku ya kuruhusiwa. Daktari kapita raundi, kaandika tramadol na diclofenac za maumivu, metronidazole ya kuzuia maambukizi, jeli ya ganzi ya kupaka, na lactulose, ndo ile dawa ya kulainisha choo, hii ya mwisho kaipigia mistari chini. Nikashuka dirishani na wifi yangu. Nimesimama nimeegemea ukuta maana kukaa siwezi, foleni imejaa wazee, kina mama, vijana wa kiume. Yule kaka akachukua karatasi akaisoma akapaza sauti, "Nani wa bawasiri hapa?"

Jamani. Namba ninayo mkononi, jina langu limeandikwa pale juu kwa herufi kubwa, yeye akaita ugonjwa. Foleni nzima ikageuka. Nikasogea hivohivo, akanisukumia vibahasha vya vidonge, alipofika kwenye lactulose akaikata kwa peni akaandika O/S, yaani imeisha stoo. Nikamwambia kaka yangu hii daktari kaipigia mistari, naipataje? Hakuinua hata uso. "Haipo. Kesho italetwa utapigiwa simu. Kwani hiyo dawa ya haraka? Kale papai." Mwanaume mmoja nyuma yangu akacheka, kwa sauti, na yule kaka akatabasamu naye. Nikamwambia basi naomba nirudishie karatasi nikanunue nje, akasema karatasi inabaki kwa ajili ya bima na fomu imeshafungwa. "Mama pisha, kuna watu wanasubiri."

Nikaondoka. Nimelala ubavu kiti cha nyuma cha gari mpaka nyumbani.

Naomba msikilize hapa maana ndo kiini chenyewe. Tramadol iko ukoo mmoja na morfini, inatuliza maumivu lakini inaupunguzia utumbo mwendo. Vidonge vya chuma nilivyokuwa nameza navyo vinafanya choo kiwe kigumu. Juu yake weka hofu, maana una vidonda vibichi pale panapopita choo, mwili wenyewe unabana bila kuuambia. Kinakaa ndani, maji yananyonywa, kinazidi kukauka. Ndo maana daktari akaandika lactulose ianze siku hiyohiyo, na hata ukiinywa haifanyi kazi papo hapo, inachukua siku moja mpaka mbili. Kwahiyo "kesho utapigiwa" ya yule kaka hata ingekuwa kweli ingeshachelewa. Na haikuwa kweli, simu haikupigwa kesho wala keshokutwa.

Papai nililila. Asubuhi papai, mchana ugali wa dona na mlenda, jioni uji wa mtama, maji mpaka nachoka. Sisemi papai halisaidii, mtu mzima anashauriwa nyuzinyuzi gramu 25 mpaka 30 kwa siku na mpaka leo ndo nakula hivo. Lakini papai siyo badala ya dawa kwa mtu anayemeza tramadol na chuma na ametoka kukatwa, na mtu aliyesomea dawa anajua hilo kuliko mimi mshona nguo! Upasuaji huu wa kuacha vidonda wazi madaktari Milligan na Morgan waliuandika London mwaka 1937, yaani bibi yangu alikuwa msichana, miaka yote hiyo dunia nzima inajua choo cha kwanza ndo mtihani, halafu mtu anakaa dirishani anauliza kwani ni dawa ya haraka.

Choo cha kwanza kikaja alfajiri. Nimeshika bomba la maji kwa mkono mmoja, kanga nimeing'ata, jasho linadondoka kwenye sakafu naliona. Mama yangu alishakuja kutoka Tanga, yuko mlangoni anasoma dua kwa sauti ya chini. Nimezaa kwa njia ya kawaida kwahiyo uchungu naujua, na nasema kabisa bila kuongeza chumvi huu uliupita ule, kwasababu wa kuzaa unakuja na kuachia, huu haukuachia. Damu ikatoka, nikaanza kutetemeka. Wifi akapiga simu wodini wakamjibu ni kawaida, wakakata.

Aliyenisaidia ni binti wa duka la dawa la mtaani kwetu. Wifi alimweleza, binti akauliza maswali yake, nakunywa nini, choo lini mara ya mwisho, damu kiasi gani, mkojo unatoka, homa ipo, akatoa chupa ya lactulose kwenye shelfu, tena ya bei ya kawaida tu, akasema lakini hiyo tramadol muulizeni daktari wake leo leo msisubiri. Namba ya daktari nikaipata kwa yule sista wa zamu ya usiku. Daktari akapokea usiku huo, hakuwa na ukali, akasema acha tramadol, baki na paracetamol na ile diclofenac baada ya kula, lactulose mililita 15 asubuhi na 15 jioni, na ukiona damu ya mabonge au homa au mkojo umeziba usinipigie, njoo emajensi moja kwa moja. Akaniambia pia damu inaweza kurudi kati ya siku ya 7 na ya 14 hivi, hivo nisijione nimepona nikaanza kubeba ndoo.

Kwahiyo hapo nikawa nimeshasamehe kidogo, nasema moyoni hospitali ina watu wake wazuri. Halafu nikiwaza nakasirika upya, hata na daktari mwenyewe, maana mistari ya peni haisemi kitu, kwanini hukuniambia kwa mdomo mama hii ndo muhimu kuliko zote? Dakika moja tu. Ulinichorea saa nzima ya ukutani ukashindwa sentensi moja?

Baada ya hapo mambo yakaenda. Mama alitaka kunikanda na maji ya moto kama mzazi, tukabishana, nikamwonyesha maelekezo kwamba ni maji ya uvuguvugu tu kwenye beseni, unakalia dakika 10 mpaka 15, mara tatu kwa siku na kila baada ya choo, hakuna Dettol hakuna majani, akakubali ila beseni anaandaa yeye na kiwiko anachovya yeye kupima joto. Pedi unavaa maana majimaji yanatoka, usishtuke. Unajifuta kwa maji na kitambaa laini kwa kugusagusa, husugui. Kupona kabisa vile vidonda ni wiki 6 mpaka 8, watu wanarudi kazini mapema zaidi kutegemea na kazi, mi cherehani imenibidi niisubiri.

Siku ya kurudi kliniki ndo nikajua kitu kilichofanya niandike haya yote. Nimekaa, nimeweza kukaa, namwambia sista wa kliniki kuhusu ile lactulose, akashangaa, akasema mbona dawa hiyo haijawahi kutuishia mwezi huu, zilikuwa stoo, maboksi. Stoo. Ghorofa hiyohiyo. Ni mtu kunyanyuka kwenye kiti na kwenda kuchukua.

Nikaenda dirishani kwa miguu yangu. Nikamsalimia vizuri, nikamuuliza kwa upole kwanini aliniambia haipo. Akaniangalia kidogo akasema, "Ahaa, we si ndo yule wa bawasiri?" Mbele ya watu, kwa mara nyingine. Nikamwambia naitwa mama fulani, jina limeandikwa kwenye karatasi uliyoishika siku ile, na bawasiri ni ugonjwa, siyo jina la mtu. Sauti ilinipanda, sikatai, na sijutii. Kuna baba mmoja mtu mzima kwenye foleni kaangalia chini muda wote, karatasi yake kaikunja mpaka imekuwa ndogo kabisa kiganjani, na nikajua anaogopa zamu yake ifike. Watu wanakaa na huu ugonjwa miaka wanavuja damu mpaka wanaishiwa kwasababu ya aibu, wanajikaza wanakuja, halafu mtu anawatangaza kwa sauti. Yule baba sijui kama alirudi.

Nyota ngapi? Daktari tano. Wodi tano, yule sista wa usiku hata kumi. Dirisha la dawa sina nyota ya kutoa. Ukinilazimisha nitoe moja kwa wote siwezi, maana saivi naenda chooni bila damu kwa mara ya kwanza tangu mwanangu wa pili azaliwe na hiyo kazi imefanywa palepale, na mwanangu huyo saivi anasoma darasa la tano. Shemeji yangu naye ana shida hiyohiyo kaniuliza aende wapi, nilimwambia popote ila siyo pale, juzi nikampigia nikamwambia nenda, mwombe daktari yuleyule, ila lactulose uwe umeinunua mwenyewe iko kwenye begi kabla hujalazwa, na kama ni karatasi ya dawa ipige picha na simu kabla hujaikabidhi.

Malalamiko yangu sijaweka kwenye lile sanduku la maoni. Nimeandika barua, nimeeleza siku, zamu na maneno aliyosema, nimepeleka ofisi ya katibu wa hospitali, wamegonga muhuri wa kupokea na nakala ninayo. Mpaka sasa hawajanijibu. Kliniki ya mwisho ni mwezi ujao, nikitoka kwa daktari napitia ofisini kwa katibu kuuliza.