Uzoefu wangu wa kuishi na spika mbili za studio: Yamaha NS-10M na LS3/5A

Kwa miaka tisa sasa nimesikiliza muziki nyumbani kupitia jozi mbili za spika ambazo sifa zake zimejengwa kazini, wala si sebuleni. Ya kwanza ni Yamaha NS-10M, ile yenye koni nyeupe ambayo hata asiyefuatilia mambo ya sauti ameshaiona kwenye picha za studio, imelazwa juu ya meza ya kuchanganyia sauti. Ya pili ni LS3/5A, kisanduku cha mbao chenye kimo cha sentimita 30 na ushei, kilichobuniwa na wahandisi wa BBC huko Uingereza. Zote nilizinunua zikiwa zimetumika, kwa kupishana miaka minne, na kwa muda wa kutosha zilikaa katika chumba kimoja zikiendeshwa na amplifaya ileile, jambo lililoniwezesha kuzilinganisha kwa masikio badala ya kutegemea kumbukumbu.

Historia zake zimepishana njiani. NS-10M iliingia sokoni mwaka 1978 kama spika ya nyumbani ya kuwekwa kwenye rafu, na huko nyumbani haikupokewa vizuri. Wahandisi wa sauti ndio walioiona inafaa, wakaihamishia studio, na katika miaka ya 1980 ikawa chombo cha kawaida cha kazi katika nchi nyingi. LS3/5A ilitoka upande wa pili. Ilibuniwa katikati ya miaka ya 1970 kwa ajili ya magari ya matangazo ya nje, mahali ambapo spika kubwa haiingii na hedifoni hazitoshi kumpa fundi uhakika wa anachokirusha hewani, kisha ikaingia majumbani na kukaa huko moja kwa moja. Baada ya kuishi nazo naona kwamba wasikilizaji hawakukosea katika kuikataa ile wala katika kuichukua hii, na sababu zenyewe zinasikika ndani ya nusu saa ya kwanza.

Ukiinama karibu na NS-10M utaona mshono mwembamba kwenye koni. Koni hiyo haikufinyangwa kwa kalibu kama ilivyo kwa koni nyingi za karatasi; ilikatwa kutoka kwenye karatasi bapa, ikakunjwa, kisha kingo zake zikagundishwa. Ina upana wa sentimita 18, ni nyepesi na ngumu, na boksi lake limefungwa kabisa, bila tundu la kupitisha hewa. Besi yake haishuki mbali, na Yamaha wenyewe walitaja hezi 60 (hezi ni mitetemo kwa sekunde, na zikipungua sauti huwa nzito zaidi) kuwa ndiyo kikomo, lakini besi iliyopo inaanza kwa wakati na inakoma kwa wakati. Watafiti wa sauti Philip Newell na Keith Holland, katika kazi waliyoitoa mwaka 2001 baada ya kuipima pamoja na monita (spika za studio) nyingine nyingi, walieleza kwamba wepesi huo wa kunyamaza ndio mojawapo ya sababu za studio kuing'ang'ania. Mimi niliutambua kabla sijasoma chochote: katika rekodi ambazo ngoma ya mguu na gitaa la besi huwa zinagandana, hapa nilizisikia kama vitu viwili, na nikaweza kufuata vidole vya mpiga besi hadi mwisho wa wimbo.

Kasoro yake iko juu zaidi. Kwenye eneo la hezi 1,500 hadi 2,000 sauti ya spika hii imeinuka waziwazi, na hapo ndipo penye ukali wa sauti ya mwimbaji, wa tarumbeta na wa gitaa la umeme. Kwa mhandisi, mwinuko huo ni msaada, kwa sababu unamlazimisha kushughulikia eneo ambalo sikio la binadamu ni jepesi kulichukia, na akilituliza hapo wimbo utasikika vizuri kwenye redio yoyote. Kwa mimi niliyeketi kwenye kochi nikitaka kupumzika, mwinuko huo ni kama mtu anayenieleza makosa ya kila msanii ninayempenda. Rekodi nzuri zilisikika vizuri sana. Zile zilizokamuliwa ili zipige kelele kuliko wenzake, ambazo ndizo nyingi, zilinifanya nipunguze sauti baada ya nyimbo tatu, na baada ya saa moja nikazima bila hata kukumbuka kwamba nimezima.

Jozi yangu ilikuja na alama za gundi ya utepe kuzunguka twita, yaani kile kipande kidogo cha spika kinachotoa sauti nyembamba za juu, nami nilidhani ni uchafu tu wa mwenye nazo. Baadaye nilielewa kwamba ni mabaki ya ile desturi maarufu, inayohusishwa zaidi na mhandisi wa sauti Bob Clearmountain, ya kutundika karatasi laini ya tishu mbele ya twita ili kuipunguza makali. Nilijaribu. Tabaka moja linasaidia kidogo, mawili yanaifanya sauti kuwa kama inatoka nyuma ya pazia, na aina mbili za tishu hazikunipa matokeo yanayofanana, kwa hiyo niliona si jambo la kutegemea. Toleo la NS-10M Studio lililotolewa mwaka 1987 lilirekebishwa sehemu hiyo ili watu waachane na karatasi. Langu ni lile la mwanzo. Kilichonisaidia zaidi ni kuzirudisha kwenye rafu, mgongo karibu na ukuta, kama zilivyokusudiwa tangu awali. Ukuta huongeza besi, na besi ikiongezeka ule ukali unapata wa kusimama naye. Hata hivyo, sikufika mahali pa kuzisahau na kubaki na muziki peke yake.

LS3/5A ilinipa kitu hicho siku ya kwanza, kwa sauti ya mtu anayesoma habari. Wahandisi wa BBC walikuwa na mazoea ya kulinganisha sauti ya mtu anayezungumza, akiwa hai, na sauti hiyohiyo ikipitia kwenye spika, na mtu akiwa na jozi hii ataelewa kazi hiyo ilikuwa na maana gani. Msomaji alikuwa na kifua. Pumzi aliyoivuta kabla ya sentensi ndefu ilisikika ikiwa na ukubwa wake halisi, na midomo ilipofunguka hakukuwa na ule mchanga ninaousikia kwenye spika nyingi. Twita yake, T27 ya kampuni ya KEF, imezungukwa na felti nene ili sauti isirushwe na kingo za boksi, na koni ya chini, KEF B110, imetengenezwa kwa plastiki iitwayo bextrene na kupakwa dawa ya kuizuia isilie yenyewe. Kuta ni za plaiwudi nyembamba iliyobandikwa vizuizi vya mtetemo ndani. Boksi zima lina ujazo wa lita 5 hivi, na ukiligonga kwa kifundo cha kidole linajibu kwa mlio mfupi uliokufa.

Siyo kwamba haidanganyi. Besi ya kweli hapa haipo, na wabunifu waliacha mwinuko mdogo kati ya hezi 100 na 200 ambao unalifanya sikio liamini kwamba kuna besi zaidi ya iliyopo. Ni ujanja, lakini wa kistaarabu. Kwenye muziki wa gitaa kavu, piano, kwaya ndogo au taarabu yenye fidla nyingi, sikuwahi kutamani zaidi. Kwenye muziki unaotegemea ngoma nzito za kompyuta, nilihisi kama naangalia picha ya sherehe badala ya kuwa ndani yake.

Jambo la pili ambalo mnunuzi hana budi kulijua ni kiasi cha umeme. Kwa wati moja, ukipima umbali wa mita moja, LS3/5A inatoa takribani desibeli 83 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), wakati NS-10M inatoa 90. Tofauti ya desibeli 7 inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini maana yake ni kwamba ili zilingane kwa sauti LS3/5A inahitaji nguvu karibu mara 5, na ukiizidishia ili ijaze chumba kikubwa, koni yake ndogo itafika mwisho wa mwendo wake na utasikia ikigonga. Iliniogopesha mara moja na sikurudia. Umbali unaoifaa, kwa majaribio yangu, ni mita 2 au pungufu, spika zikiwa juu ya stendi, twita ikiwa usawa wa sikio, na ukuta wa nyuma ukiwa mbali kiasi cha mkono. Kuiweka kwenye rafu, kama zinavyowekwa na wengi kwa sababu tu ni ndogo, ni kuiharibu: ule mwinuko wa besi unachanganyika na ukuta, na sauti ya mwanamume inakuwa kama ya mtu anayezungumzia ndani ya pipa. Kava la kitambaa nalo libaki mahali pake, maana spika hii ilisanifiwa likiwa limevaliwa. Wageni hupenda kulivua waone kilichomo. Huwa nawaonyesha, kisha nalirudisha.

Jozi hii ilinipa taabu mwanzoni. Muuzaji alinihakikishia kwamba haijawahi kuguswa, na kwa nje mbao zilifanana, na vibandiko vya nyuma vilikuwa na namba za kufuatana. Lakini yule msomaji wa habari, ambaye alipaswa kusikika katikati kabisa ya spika mbili, alikuwa amesogea kushoto kwa karibu nusu hatua. Nilihamisha kochi, hakubadilika. Nikabadilishana nyaya za spika kwenye amplifaya, akabaki kushoto, na hapo nikajua kwamba amplifaya haina hatia. Nikazibadilishana spika zenyewe mahali, akahamia kulia. Fundi alipofungua ile iliyokuwa hafifu alikuta twita imewahi kubadilishwa kwa nyingine inayofanana nayo kwa sura tu. Katika toleo la mwanzo la omu 15 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), krosova, yaani sakiti inayogawa sauti kati ya twita na koni, ina vituo kadhaa vya kuchagua nguvu ya twita, navyo vilipangwa kiwandani kwa kila spika kulingana na vipuri vyake hasa, kwa hiyo anayebadilisha kipuri kimoja bila kupima upya anavunja ndoa ya jozi nzima. Ilichukua miezi mitatu kupata T27 inayofaa na nusu siku ya kupima na kuhamisha waya kutoka kituo hadi kituo. Tangu siku hiyo, kabla ya kulipia spika yoyote kuukuu, mimi huanza na sauti ya mtu mmoja iliyorekodiwa mono, yaani sauti ileile kwa spika zote mbili.

Kuhusu ule ugomvi wa wamiliki, kama toleo la omu 15 ni bora kuliko la omu 11 lililofuata mwishoni mwa miaka ya 1980, nimesikiliza yote mawili na ningekuwa radhi na lolote. Anayeogopa vipuri vya kale anaweza kununua mpya, kwa kuwa bado zinatengenezwa, ikiwemo ya Falcon Acoustics, kampuni iliyoanzishwa na Malcolm Jones aliyebuni T27 na B110 alipokuwa KEF.

Sasa LS3/5A ndizo zilizobaki sebuleni. NS-10M nimezihamishia kwenye meza ninapohariri rekodi za sauti, ambapo nakaa umbali wa mita moja kwa dakika ishirini hivi, naelezwa makosa yangu na si ya wasanii, halafu naondoka. Hapo sina malalamiko nazo. Hofu yangu ni koni. Yamaha ilisimamisha uzalishaji mwaka 2001 kwa sababu karatasi maalumu ya koni hiyo ilikuwa haipatikani tena, na koni halisi zilizobaki zinatoka kwenye spika nyingine kuukuu. Twita ya akiba ninayo, koni sina. Kwa hiyo zikishika vumbi nazifuta mwenyewe, kwa brashi laini ya mchoraji, kwa kufuata mshono.