Ndege wahamiaji wa Ulaya kwenye makorongo ya Bukavu: ukae au utembee?

Kuanzia Oktoba hadi Machi, Ulaya ikiwa kwenye baridi, makorongo yetu yenye miti na vichaka hupokea wageni. Je, utawaona vizuri ukikaa mahali pamoja au ukitembea?

Kwa gharama, kukaa kunashinda. Huhitaji buti za matope wala nauli ya pikipiki ya kurudi kutoka upande wa pili wa bonde. Darubini ya 8x42 (hukuza mara 8, lenzi za mbele zina upana wa milimita 42) hata ikiwa nzito, haikuchoshi shingo.

Kwa uhakika, inategemea ndege. Yule mkamatanzi wa kijivu mwenye michirizi kifuani huchagua tawi kavu, huruka ghafla, hunasa mdudu hewani, kisha hurudi palepale. Ukishalijua tawi lake, kaa; utamwona hadi utosheke. Lakini kuna kindege wa kijani-manjano, uzito wake kama gramu 10 tu, asiyetulia kabisa. Hupekua majani na kuondoka, mara nyingi akiandamana na kundi la ndege wenyeji. Huyo usipomfuata, amekwenda. Sikiliza mlio wake, "huwiit", upandao mwishoni, uufuate polepole. Mimi humpenda huyu zaidi, ndiyo maana hutembea.

Kutembea kuna kazi baadaye: darubini iliyolowa umande ikaushwe kabla ya kufungiwa, la sivyo lenzi huota kuvu.

Mwenye magoti mabovu, au aliye na mtoto, akae karibu na maji. Mwenye asubuhi nzima na mwenzake anayezijua njia, atembee.