Gereji ya Ngamiani, Tanga, inayopima kabla ya kufumua injini

Nyota nne kati ya tano. Ya kwanza waliipata hata boneti haijafunguliwa.

Gari langu ni Corolla AE100 ya 1994, injini ya 5A-FE, cc 1498. Limekuwa likinywa oili hadi galoni ya akiba ikawa mkazi wa kudumu wa buti. Nilikwenda na swali moja: nifumue injini hii itengenezwe upya, ninunue ya mtumba kutoka Japani, au niliuze gari kama lilivyo? Mzee mwenye gereji alipokea shikamoo yangu, akapiga jeki, akalala chini na bisibisi, akaanza kuchokoachokoa sakafu na sehemu zinapofungwa shokapu. Alipotoka chini akaniambia, "Mwalimu, hapa Tanga chumvi ya bahari inamaliza bodi kabla ya injini. Ningekuta imeoza nisingekula hela yako." Bodi yangu nzima. Ndipo tukaanza kuzungumza.

Swali lake la kwanza lilikuwa kama injini iliwahi kuchemka. Haijawahi. La pili: moshi wa bluu unatoka wakati gani hasa? Mimi kwetu ni Soni, kwa hiyo ile barabara ya kupanda kutoka Mombo naijua kona kwa kona. Akaniuliza vitu viwili tofauti. Ukishuka mlima na gia ndogo, mguu hauko kwenye mafuta, halafu ukakanyaga tena kule chini, je, linatoa moshi mmoja mkubwa kisha unakatika? Au linatoa wakati wa kupanda, likiwa limebeba, muda wote? Wa kwanza kwa kawaida ni sili za valvu zilizokauka, vile vimpira vinavyozuia oili isishuke kwenye valvu, kazi ndogo isiyohitaji kufumua injini. Wa pili ni ringi za pistoni, zile pete zinazoziba pengo kati ya pistoni na ukuta wa silinda. Langu lilikuwa linatoa wa pili, na asubuhi nikiwasha linatoa kidogo wa kwanza pia.

Hapa niseme kwamba fundi wa awali, mtaa mwingine kabisa, alikuwa ameshaniandikia orodha ya vifaa vya laki kadhaa kwa kusikiliza tu mngurumo. Kabla ya hapo aliniwekea oili nzito na kichupa cha dawa ya kuzuia moshi. Moshi ulizuiliwa hadi Muheza.

Mzee alipima kompresheni, yaani nguvu ya pumzi inayobanwa ndani ya kila silinda, mbele yangu: injini ikiwa ya moto, plagi zote nne nje, mafuta na umeme wa plagi vimekatwa, mguu wangu umekanyaga mafuta hadi mwisho huku stata ikizungusha. Aliandika kwa chaki ukutani: 165, 160, 118, 155. Nafundisha hesabu, na ukuta ule ulinifurahisha kuliko ankara yoyote. Kwa injini hii Toyota wanataka psi (paundi kwa inchi ya mraba) 191 ikiwa mpya, isishuke chini ya 142, na tofauti kati ya silinda na silinda isizidi 14. Silinda ya tatu ilikuwa imeshafeli mtihani. Akaidondoshea oili kidogo kwenye tundu la plagi, akapima tena: 160. Oili ilikuwa imeziba pengo la ringi kwa muda, kwa hiyo pumzi ilikuwa inapotelea chini. Ingebaki 118, tungetafuta kosa kwenye valvu au gasketi ya silinda hedi. Kipimo chote ni shilingi elfu ishirini, na wanakutoza hata ukiondoka zako. Naona ni haki.

Injini ya Japani tuliijadili vizuri. Nilikuwa nimeulizia Gerezani, Dar: kati ya laki tisa na milioni na laki mbili, kabla ya usafiri na kuifunga. Utamu wake ni kwamba inaingia haraka. Lakini injini za 5A za Corolla ya kizazi hiki na cha 110 kilichofuata zilikoma kule mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa hiyo hata iliyo changa imeshapita miaka 20, na aliyeitumia simjui. Halafu namba ya injini inabadilika, inabidi kwenda TRA kurekebisha kadi ya gari. Mzee hakuiponda. Alisema tu ukienda kununua, beba geji yako ya kompresheni, na muuzaji akikataa geji ifungwe kupimia, rudi.

Tukafumua. Ringi moja ya silinda ya tatu ilikuwa imevunjika na kukwaruza ukuta. Kipenyo cha kiwandani ni milimita 78.70, juu kabisa, pale ringi zinapoishia, palisoma 78.98, na ukigeuza geji upande wa pili inasoma pungufu. Nilimbembeleza abadilishe ringi tu, nibane matumizi. Akakataa kata kata: ringi ya duara ndani ya tundu la yai haikai. Ninamuunga mkono, na ninaona kazi za "ringi tu" kwenye silinda iliyolika ndizo zinazofanya watu waape kwamba injini ikishafunguliwa haiponi. Silinda zote nne zikachongwa kufuata pistoni zilizozidi za kiwandani kwa milimita 0.50, yaani 79.20. Kranki, ekseli inayozungushwa na pistoni, ilipimwa, ikaonekana haijalika, ikaachwa, beringi tu zikawa mpya. Valvu zikasagwa, sili mpya, na uwazi wa valvu ukapangwa kwa kubadilisha vile visahani vya shimu. Kazi hii wengi wanairuka kwa sababu inachosha, na injini inabaki inagonga ticki-ticki.

Jumla, vifaa na ufundi: milioni moja na laki tatu na ushee. Ghali kidogo kuliko injini ya Gerezani, lakini najua kila kilichomo ndani.

Nyota iliyopotea ni hii. Ahadi ya muda haikutimia. Pistoni zilisubiriwa kutoka Dar na hakuna aliyepiga simu kunijulisha, mimi ndiye niliyekuwa napiga. Risiti nilipata baada ya kuidai mara mbili, na gharama ya kuosha bloku iliongezwa mwishoni bila kutajwa mwanzoni. Pa kukaa hakuna, labda juu ya tairi.

Nimeambiwa kilomita 1,000 za mwanzo nisiende mwendo mmoja kwa muda mrefu, nisivute mzigo, na oili ya kwanza niimwage mapema. Nimeshapanda Mombo hadi Soni taratibu, mwanangu akichungulia kioo cha nyuma kama askari. Moshi hakuna. Kijiti cha oili kimebaki pale pale.

Ukienda, nenda asubuhi kabla jua halijaingia uani, na udai makadirio ya maandishi, pamoja na ya kuosha bloku. Injini za dizeli hawafungui. Watakuelekeza kwa jirani yao.